SOMO: Kiharusi – dalili zake, saa zake, na presha inayokileta

Somo la leo naomba mlisome lote, na mkimaliza mumsimulie mtu mmoja nyumbani asiyetumia simu. Nimekuwa nesi wa wodi ya wagonjwa wa ndani hapa Moshi kwa miaka mingi, na wagonjwa wa kiharusi ndio wanaoniumiza moyo kuliko wote, kwa sababu wengi hufikishwa wamechelewa. Si kwamba ndugu zao hawawapendi. Kwanza huitwa jirani, kisha mtu wa duka la dawa, kisha mzee wa kanisa, halafu inapigwa simu kwa mtoto aliyeko Dar es Salaam aamue baba apelekwe wapi. Simu haipokelewi. Giza linaingia. Gari linatafutwa asubuhi, na kilichokuwa kinaweza kuokolewa jioni kimeshakufa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mnaijua mifongo inayoleta maji kwenye migomba yetu: mfongo unaweza kuzibwa na takataka, shamba la chini likakauka, au ukingo ukabomoka, maji yakamwagika yasipotakiwa. Mishipa ya damu ya ubongo hupatwa na mambo hayo hayo mawili. Mshipa ukiziba, sehemu ya ubongo inakosa damu. Mshipa ukipasuka, damu inavujia ndani ya kichwa. Duniani kiharusi cha kuziba ndicho kingi zaidi, lakini hapa Afrika kile cha kupasuka kina sehemu kubwa kuliko ilivyo Ulaya, na presha isiyotibiwa ina mkono mkubwa hapo. Kwa macho hakuna anayeweza kuvitofautisha, hata daktari bingwa. Lazima kichwa kipigwe picha kwa kipimo cha CT. Likumbukeni hilo, maana nitalirudia.

Hatua ya kwanza: uso, mkono, usemi

Neno la kushika hapa ni GHAFLA. Mtu alikuwa anapalilia, anakunywa kahawa, anaongea na simu, mara kitu kinabadilika.

Uso: mwambie acheke au aonyeshe meno. Je, upande mmoja wa mdomo umeshuka?

Mkono: mwambie afumbe macho, anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, ahesabu hadi kumi. Je, mmoja unashuka wenyewe au haunyanyuki kabisa?

Usemi: mwambie arudie maneno rahisi, kwa mfano "Kesho tunapeleka ndizi soko la Mbuyuni." Sikiliza kama anakokoteza maneno kama mlevi, anasema yasiyoeleweka, au anakuangalia tu bila kuelewa ulichomwambia. Nimeona wazee wakilazwa kitandani "alale pombe imtoke," kumbe siku hiyo hawakuonja hata mbege.

Moja tu kati ya hayo matatu linatosha. Usingoje yatimie yote.

Ziko dalili nyingine zinazosahaulika: jicho moja au yote kupoteza nuru ghafla, kuona vitu viwiliviwili, kupepesuka na kushindwa kutembea bila sababu, ganzi ya upande mmoja wa mwili, na kichwa kuuma kwa ukali ambao mtu hajawahi kuuona maishani, pengine na kutapika. Kiharusi kingi hakiumi popote. Ndiyo maana mgonjwa mwenyewe husema "niacheni nipumzike." Msimsikilize.

Hatua ya pili: tazama saa

Uliza mara moja: mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi? Iandike kwenye karatasi au kwenye simu. Ndilo swali la kwanza utakaloulizwa hospitali, na ndilo ambalo ndugu wengi hulijibu kwa kubishana.

Sababu ni hii. Kwa kiharusi cha kuziba, ipo dawa ya mshipani inayoyeyusha bonge la damu, lakini hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya CT kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Dawa hiyo ni ghali na si kila hospitali inayo, nisiwadanganye. Lakini hata isipokuwepo, anayefika mapema hupigwa picha, hupimwa sukari, huangaliwa kama anaweza kumeza bila kupaliwa, presha yake hushughulikiwa kwa utaratibu, na maji yakianza kuingia mapafuni yanaonekana mapema. Wanaokufa kwa kiharusi si wote wanaouawa na ubongo. Wengi huuawa na nimonia na mengine yanayofuata. Na mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba bila tiba, hesabu inayotumika ni kwamba seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika.

Hatua ya tatu: usimpe kitu mdomoni

Si uji, si maji, si asali, si dawa ya presha ya jirani, na wala si aspirini. Aspirini husaidia kiharusi cha kuziba, lakini kama mshipa umepasuka, utazidisha kuvuja, na wewe ukiwa sebuleni hujui ni kipi. Vidonge vya presha navyo visitolewe kwa pupa. Presha mara nyingi hupanda wakati wa kiharusi, na kuishusha kwa haraka kunaweza kuinyima damu ile sehemu ya ubongo inayopambana. Kazi hiyo waachieni wanaoweza kumtazama kila baada ya dakika chache.

Mlaze kwa ubavu kama amelegea au anatapika, mlegeze nguo shingoni, muondoe meno ya bandia. Mkiwa na mashine ya sukari na mnajua kuitumia, mpimeni, maana sukari ikishuka sana mtu anaweza kuonekana kama amepata kiharusi. Hamna mashine? Nendeni.

Hatua ya nne: safari moja tu

Hapa ndipo tunapopoteza watu. Zahanati ya kijiji haina CT. Kituo cha afya hakina CT. Ukianzia huko utaandikiwa rufaa, na kila kituo kinakula saa. Kwa upande wa Kilimanjaro, KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda na kipimo hicho kipo. Mlioko Arusha mjini, Usa River au Monduli, ulizeni wiki hii, mkiwa wazima, ni hospitali gani iliyo karibu yenye CT inayofanya kazi usiku na mchana. Mlioko Tarakea au Marangu juu mna safari ndefu kupitia Himo, kwa hiyo kwenu kila dakika ya kikao cha familia ni ghali mara mbili.

Bodaboda haifai kwa mtu ambaye upande mmoja umekufa, ataanguka. Tafuteni Noah, bajaji au gari la jirani. Kubalianeni leo na mwenye gari mmoja pale mtaani kwamba usiku wa manane atafungua geti. Mchukue kadi ya bima, daftari la kliniki na mfuko wa dawa zake zote. Mtoto wa Dar atapigiwa mkiwa njiani.

Hatua ya tano: presha, kabla ya siku hiyo

Kati ya vyote vinavyoleta kiharusi na vinavyoweza kurekebishika, presha ndiyo kubwa kuliko vyote, na ubaya wake ni kwamba haisikiki. "Mimi presha yangu ikipanda najijua," huo si ukweli. Watu wanatembea na 190 kwa 110 wakipanda mlima Kibosho na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

Pima hivi: kaa dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kupishana, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, kamba ya kipimo juu ya ngozi na si juu ya sweta. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Pima mara mbili. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikijirudia siku tofauti, ni presha inayohitaji daktari. Ikifika 180 kwa 120, na kuna dalili yoyote kati ya zile za juu, ni dharura.

Chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni kwa vyakula vyote kwa pamoja. Sisi watu wa kaskazini tunasahau magadi. Magadi nayo yana sodiamu, na yanaingia kwenye makande na kwenye kiburu chetu cha ndizi na maharage bila kupimwa. Viungo vya mchuzi vya pakiti navyo vimejaa chumvi. Mtori, ndizi, maharage, mboga za majani ni chakula kizuri sana, tusikiharibu kwa mkono mzito.

Mwaka 2003 hadi 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam. Kwa idadi ile ile ya watu, na tofauti za umri zikisawazishwa, Dar ilikuwa nao karibu mara tatu ya Hai. Tangu hapo Bomang'ombe, huko huko Hai, imekuwa mji, chipsi ziko kila kona na bodaboda inakufikisha mlangoni. Tembeeni. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka zinatosha kuanzia. Sigara na ugoro, acheni. Sukari, pimeni.

Na Desemba. Jamani, Desemba! Watu wanapanda kutoka Dar na Mwanza kuja kula sikukuu, dawa wameziacha kwenye kabati, wiki mbili ni nyama, mbege na bia. Mkifunga mabegi, dawa ziwe za kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

*Sista shikamoo. Mama aliamka saa kumi na mbili asubuhi mdomo umepinda. Saa tunahesabu kuanzia alipoamka?*

Marahaba mwanangu. Hapana, tunahesabu kuanzia mara ya mwisho mtu alipomwona mzima. Kama alikwenda kulala saa tatu usiku akiwa vizuri, saa ni tatu. Lakini kama mjukuu alimwona saa kumi alfajiri akitembea vizuri kwenda chooni, basi ni saa kumi, na tofauti hiyo ni kubwa mno. Waulizeni wote mliolala nyumba moja.

*Hapa Kiboriloni nimeletewa ujumbe kwamba ukimchoma mgonjwa vidole na masikio kwa sindano damu ikatoka, kiharusi kinaisha. Ni kweli?*

Si kweli, dada. Tone la damu la kidoleni halifungui mshipa wa ubongo. Ujumbe huo umezunguka miaka mingi na umekula muda wa watu wengi. Ufute, na mwambie aliyekutumia.

*Mume wangu juzi mkono wa kulia ulikufa kama dakika kumi, kijiko kikaanguka, kisha akarudi sawa. Anasema amepona na leo yuko shambani.*

Mtoe shambani leo hii. Hicho ni kiharusi cha kupita, mshipa uliziba kisha ukafunguka wenyewe. Siku mbili za mwanzo ndizo za hatari zaidi ya kupata kikubwa, na siku zinazofuata bado si salama. Mwambie hajapona, amepewa onyo. Aende hospitali, si duka la dawa. Naomba uandike hapa mkishafika.

*Natumia amlodipini mwaka wa pili. Kliniki wamenipima 126 kwa 78. Niache sasa?*

Hapana kaka. Hiyo 126 ni kazi ya kidonge. Ukiacha, itapanda tena kimyakimya. Kama dawa inavimbisha miguu au ni ghali, mwambie daktari akubadilishie, zipo nyingi. Vitunguu saumu na mlonge kula kama chakula, visichukue nafasi ya dawa.

*Binti wa jirani yetu Ngaramtoni ana miaka 26 na amepooza upande mmoja. Watu wanasema amerogwa kwa sababu kiharusi ni cha wazee.*

Kiharusi huwapata na vijana, hata watoto. Kwao tunatafuta seli mundu, moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, virusi vya UKIMWI, na presha ya ujauzito au ya baada ya kujifungua. Kila kimojawapo kina kipimo na kina tiba. Uchawi ukishatajwa, hakuna anayempima moyo yule binti, na sababu inabaki pale pale ikisubiri mara ya pili. Kama mna sauti kwenye familia ile, wasihini wampeleke.

*Je, kumwombea kwanza ni vibaya?*

Mimi mwenyewe ni mtu wa sala. Ombeni garini.

*Baba ametoka hospitali wiki hii, mguu na mkono wa kushoto haufanyi kazi. Tunamhudumiaje?*

Poleni sana. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo. Akila, akae wima, kijiko kidogo kidogo, uji mzito ni salama kuliko maji mepesi. Akikohoa kila anapomeza, mrudisheni aangaliwe. Mkono uliolegea uwekwe juu ya mto, na msimnyanyue kwa kuuvuta, bega litachomoka. Kliniki ya mazoezi ya viungo msiikose hata wiki moja, miezi ya mwanzo ndiyo inayorudisha nguvu zaidi. Dawa za presha ni za kila siku, maana aliyepata kiharusi kimoja ana hatari kubwa ya kupata cha pili. Na kama analia ovyo au hataki kuongea na mtu, msidhani ni kiburi: sonona humpata karibu mtu mmoja kati ya watatu baada ya kiharusi, nayo inatibika. Litajeni kliniki.