Kupima plastiki ndogondogo ziwani kwa ndoo ya bati na chumvi

Kuna siku nilihesabu nyuzi za bluu kwenye maji ya Ziwa Victoria niliyochota karibu na mdomo wa Mto Mirongo, hapa Mwanza, nikafurahi kama mvuvi aliyenasa sangara wa kilo hamsini. Nikageukia kisahani cha maji safi nilichokiacha wazi pembeni kwa ajili ya kulinganisha. Nyuzi zilezile! Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza, nami nilikuwa nimevaa sweta la bluu. Kazi ya wiki nzima ikaishia kwenye sinki.

Basi anza na nguo: vaa pamba. Vyombo viwe vya chuma au kioo, uvisuuze mara tatu kwa maji yaliyochujwa. Na kile kisahani cha kulinganishia usikiruke hata siku moja.

Tunachotafuta ni vipande visivyozidi milimita 5: nyuzi za nguo, mabaki ya mifuko, ncha za kamba na nyavu. Humu ziwani vimo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulichukua sato 20 na sangara 20 walionunuliwa hapahapa Mwanza, na plastiki ikathibitishwa tumboni mwa samaki mmoja kati ya kila watano.

Ingia majini na gambuti, kichocho hakina utani. Simama mpaka tope litulie, kisha chota ndoo ya bati ya lita 10 mara kumi, ukimimina juu ya machujio mawili ya chuma: la juu la matundu ya milimita 5, la chini 0.3. Chujio la chai halifai, matundu yake ni makubwa. Kilichobaki kwenye lile la chini kisuuzie ndani ya chupa ya kioo. Andika tarehe, mahali, na kama mvua imenyesha. Tumia penseli, wino hufutika ukilowa.

Ukirudi, ondoa mwani kwa haidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa. Vaa glavu na miwani, usiichemshe, iache siku mbili tatu. Chuja tena. Halafu koroga gramu 360 hivi za chumvi kwa lita moja ya maji, yachuje maji hayo (chumvi nayo huja na plastiki zake), tia sampuli yako, uiache usiku kucha. Vipande vya mifuko na kamba vitaelea. Vya chupa za maji ni vizito, vitazama, kwa hiyo lile tope la chini usilimwage kabla hujalikagua.

Ukikitilia kipande shaka, kiguse kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto: plastiki huyeyuka au hujikunja, jani haliyeyuki. Ukipata 14 kwenye lita 100 na kisahani cha kulinganishia kina 2, andika 12. Hesabu hiyo itakuwa pungufu, maana nyuzi nyembamba nyingi hupenya lile chujio, lakini ukitumia chujio lilelile kila mwezi utaona mabadiliko.

Mabaki ya dawa ni habari nyingine. Mto Nairobi umekutwa na dawa za ARV, zikiwemo lamivudini na nevirapini, na hizo huzioni kwa jicho wala kwa sindano. Kazi yako ni kuchota kwa chupa ya kioo cha kahawia, kuiweka kwenye barafu na kuifikisha maabara yenye mashine siku hiyohiyo. Na vidonge vilivyokwisha muda usivitupe chooni. Waulize duka la dawa kama wanavipokea.

Ukishazoea, pima mtoni, upande wa juu na upande wa chini wa pale kila mtaro unapoingia. Hesabu ikiruka ghafla chini ya mtaro fulani, hapo ndipo pa kufunga wavu wa kuzuia taka, kabla mifuko na chupa hazijasagika. Ila kubalianeni mapema nani atauzoa kila mvua ikikatika. Ukijaa, maji yatarudi dukani kwa mtu, na kesho yake wavu utakuwa umekatwa.