Namna ya Kupima Urahisi wa Kuchaji Saa Janja ya Mazoezi Kabla ya Kuinunua

Wanunuzi wengi huuliza kwanza kama saa inahesabu hatua na mapigo ya moyo, wakasahau kuuliza inachajiwa vipi. Mimi naamini swali hilo la pili ndilo huamua kama saa itabaki mkononi au itaishia kwenye droo.

Linganisha kwanza chaji na ratiba yako, wala usitazame idadi ya siku peke yake. Apple Watch Series 7, iliyotoka mwaka 2021, imekadiriwa na mtengenezaji kudumu saa 18, kwa hiyo huchajiwa kila siku. Lakini kwa chaja yake ya haraka hufika asilimia 80 kutoka sifuri kwa takriban dakika 45, muda ambao mtu anaweza kuoga na kunywa chai. Garmin Forerunner 55 imekadiriwa hadi wiki mbili katika matumizi ya kawaida, ila GPS (mfumo wa satelaiti unaofuatilia mahali ulipo) ikiwashwa mfululizo muda huo hushuka hadi saa 20, na mkimbiaji anayejiandaa kwa marathoni atalihisi hilo mapema.

Kisha chunguza chaja inavyoshika. Saa za Apple na Samsung hulazwa juu ya kisahani chenye sumaku, jambo unaloweza kulifanya hata gizani. Chaja ya Garmin ina kichwa kidogo cha pini nne kinachosukumwa nyuma ya saa, na huhitaji macho. Hata hivyo hushika imara, hivyo ukiichaji ndani ya begi kwa pawabenki ukiwa safarini haichomoki ovyo. Anayenunua Mi Band (bangili janja ya Xiaomi) iliyotumika ajue kwamba toleo la 4 la mwaka 2019 lazima litolewe kwenye mkanda kila linapochajiwa. Toleo la 5, la mwaka 2020, liliondoa usumbufu huo kwa chaja ya sumaku.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kupotea kwa chaja. Niliwahi kusahau yangu kwenye nyumba ya wageni Tanga; nikazunguka maduka matatu yaliyojaa waya za simu bila kupata inayoingia, na saa ikalala siku nne. Hivyo ulizia bei ya chaja ya akiba hapo hapo dukani. Chaja ya Garmin hutumika kwa modeli nyingi za kampuni hiyo, unaweza kuazima kwa mkimbiaji mwenzako. Na baadhi ya simu za Samsung, kuanzia Galaxy S10, huweza kuichaji Galaxy Watch, saa janja ya Samsung, ikiwekwa mgongoni mwa simu.

Kama saa ina pini za wazi, ioshe jasho kwa maji baridi na uikaushe kabisa kabla ya kuichaji, kwa kuwa chumvi huzila pini hizo. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aichomeke, usubiri alama ya chaji itokee, kisha utikise waya taratibu uone kama alama hiyo inapotea.