Kutwa ya Kula Msasani: Panga kwa Maji Kabla ya Ramani

Wengi wakitaka kushinda Msasani wakila, huanza na orodha ya sehemu. Mimi huanza na mwezi. Rasi ya Msasani, hapa Dar es Salaam, ina maji pande mbili: magharibi ghuba tulivu yenye diko la wavuvi, yaani mahali vyombo vyao vinapotia nanga, mashariki bahari wazi na Coco Beach. Kila upande una saa zake za kula, na saa hizo zinapangwa na maji kujaa na kupwa.

Hatua ya 1: Chagua siku

Mwezi ukiwa mpevu tunaingia bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa Dar maji hupwa sana karibu na saa 4 asubuhi, kisha hujaa karibu na saa 10 jioni. Ukienda Coco jioni hiyo, ufukwe ni mwembamba na watu wamebanana. Lakini saa za maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo rudi nyuma siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Hapo maji yanapwa saa 2 hivi asubuhi, yanajaa saa 8 mchana, na ukifika Coco usiku yameshaondoka. Wachokoaji wa pweza wamepata mwamba wao asubuhi, wewe umepata ufukwe mpana, na kwa kuwa Coco inatazama mashariki, mwezi uko juu ya bahari mbele yako. Hakikisha saa zenyewe kwenye jedwali la maji.

Epuka Jumapili kama hupendi foleni, maana Coco siku hiyo hufurika. Ijumaa mchana wapishi wengi wanakwenda kuswali, na Ramadhani ratiba nzima inahamia kwenye futari, jambo zuri ila ni safari nyingine. Miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, upepo unapiga Coco usoni. Chagua kibanda kilichoupa upepo mgongo, la sivyo utakula mihogo kwa mchanga.

Hatua ya 2: Idadi ya watu na pesa

Watatu. Bajaji moja inawatosha, na sahani moja inagawanyika bila mtu kushiba mapema. Beba noti za 1,000 na 2,000. Wauzaji wengi wanapokea pesa kwa simu, ila muuza kahawa asubuhi na mapema asisumbuliwe kutafuta chenji ya elfu kumi.

Hatua ya 3: Asubuhi, kula kidogo

Vitumbua viwili na chai ya rangi, basi. Najua supu na chapati zinakuita, lakini ukizimaliza saa 2 asubuhi, mchana utakuwa unaangalia wenzako wakila.

Kisha shuka dikoni. Anza na salamu: "Shikamoo mzee, za bahari?" Usipige picha za watu kabla ya hapo. Maji yakiwa yamekupwa, mashua na ngalawa zinakaa mbali kidogo na samaki wanaletwa kwa miguu, hivyo vaa ndala. Hapa ndipo unanunua chakula cha mchana. Changu au tasi mmoja wa kiasi anatosha watu watatu. Mwangalie jicho: liwe limevimba na angavu, lisiwe na ukungu. Funua shavu uone matamvua mekundu. Bonyeza ubavu kwa kidole. Nyama ikibaki na shimo, mwambie muuzaji "ahsante kaka, nazunguka kwanza," na usirudi. Walipe vijana wanaopaa magamba wafanye kazi yao palepale.

Hatua ya 4: Mchana kwa mama lishe

Mama lishe wengi hawakatai kukukaangia samaki uliyekuja naye, mradi ufike kabla ya saa 6, wateja wa ofisini hawajajaa. "Mama, shikamoo. Tunaomba utukaangie huyu, na wali wa nazi sahani moja tugawane." Lipa mafuta na kazi yake bila kubana. Agiza maharage na kachumbari, acha nyama. Ukimkosa wa karibu na diko, sogea upande wa soko la Namanga.

Saa 8 mpaka saa 11 usile kitu. Kunywa dafu la baiskeli au juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, tafuta kivuli. Mtu atapendekeza boti ya kwenda kisiwa cha Bongoyo kutokea Slipway, upande wa ghuba. Kataa, kisiwa kizuri, lakini kinameza siku yote.

Hatua ya 5: Jua upande huu, mihogo upande ule

Hapa wageni hukosea sana: wanakwenda Coco kutazama jua likizama, wakati jua linazamia nyuma yao. Kaa upande wa ghuba, Slipway au popote penye upenyo wa maji, kuanzia saa 12 kasoro. Magharibi ikiingia, chukua bajaji kuelekea Coco.

Anza na pweza. Patana bei ya kipande kabla hujachoma kijiti cha kwanza, kwa sababu pilipili ikishakolea hakuna anayehesabu. Omba supu yake kwenye kikombe, ya moto.

Mihogo ndiyo iliyoijengea Coco jina, na ndiyo inayoharibiwa kirahisi. Usikubali iliyopangwa kwenye sinia tangu jioni; simama karibu na karai usubiri inayotoka. Mhogo mzuri unavunjika kwa mlio na ndani ni unga mweupe, kamba ya katikati inachomoka yenyewe. Ukiona michirizi myeusi, ujue ulikaa sana baada ya kuchimbwa. Mwagia chachandu, kamulia ndimu. Mishikaki baadaye, kama tumbo lina nafasi. Zege iache, chipsi mayai unapata hata mtaani kwako.

Simu iwe mfukoni, na kaeni penye taa. Bajaji ya kurudi patana nauli kabla ya kupanda. Usiku bei hupanda, na dereva aliyewaleta, mkichukua namba yake, kwa kawaida atawarudisha kwa nauli ya kuelewana.