Kutumia na kutunza mashine ya mkononi ya kupokelea kahawa, kuanzia chaji ya usiku hadi kuihifadhi msimu ukiisha

Msimu wangu wa pili wa kupokea kahawa, kwenye kituo kimoja cha mlimani upande wa Moshi Vijijini, nilipoteza mapokezi ya wakulima kumi na wanne kwa mchana mmoja. Hakuna aliyeiba. Betri ilikuwa imechoka, mashine ikazima katikati ya kutoa risiti, nami nikafanya kile ambacho wengi hufanya: nikafungua mfuniko wa nyuma, nikachomoa betri, nikaipangusa kwenye shati, nikairudisha. Mashine ikawaka vizuri. Lakini orodha ya siku iliishia saa sita mchana, na wakati huo ilikuwa saa kumi.

Ilibidi tuwaite wote warudi na risiti zao. Siku ya tatu akaja bibi mmoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mimi nilileta magunia mawili, na kilo ulinisomea wewe mwenyewe."

Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi. Mafuta ya kujipaka yalikuwa yameifikia, maandishi yamefifia, zimebaki tarakimu mbili za mwisho za uzito. Kilichotuokoa ni kijana wa mzani, aliyekuwa na desturi ya kuandika kila uzito kwenye kauntabuku kwa penseli. Tulishuka na kidole mstari kwa mstari hadi tukazikuta kilo zake: 83.4.

Kwa hiyo namwandikia karani anayekabidhiwa mashine kwa mara ya kwanza. Wengine wanaiita POS, wengine mashine ya data, wengine mashine tu. Ni kile kifaa cha betri kinachoingiza namba ya mkulima na kilo zake, kikatoa risiti na kutuma taarifa ofisini. Mengi yatamfaa pia anayekusanya ushuru sokoni au anayehesabu mzigo ghalani.

Hatua ya 1: Ijue betri yako

Zima mashine, fungua mfuniko wa nyuma, usome kibandiko cha betri. Ukiona Li-ion na volti 3.7, hiyo ni ya lithiamu, na mashine nyingi za sasa zinatumia hiyo. Ukiona Ni-MH, hiyo ni ya nikeli, na kila seli yake ina volti 1.2. Namba yenye mAh inaonyesha ujazo: kubwa zaidi, saa nyingi zaidi.

Kama ni ya lithiamu, achana na ushauri wa kuichaji saa 24 siku ya kwanza, na ule wa kungoja iishe kabisa ndipo uchaji. Ushauri huo ulitokana na betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Betri ya lithiamu haiharibiki kwa kuchajiwa ikiwa nusu. Inaumia zaidi ikiachwa tupu. Seli ikijaa hufika volti 4.2, na ikishuka chini ya volti 3 huanza kudhurika. Mimi nikiona 20% naitoa kazini.

Kwa kawaida betri hizi hupungua nguvu kwa kuonekana baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya chaji kamili. Kutumia nusu leo na nusu kesho ni mzunguko mmoja, si miwili. Piga hesabu ya kwetu: msimu wa kaskazini unaanza Julai na kwenda hadi mwisho wa mwaka, kazi karibu kila siku, yaani kama mizunguko 150. Misimu miwili au mitatu na betri imezeeka. Iombe mpya kabla haijakuaibisha mbele ya foleni.

Chukua maka pen, andika A kwenye betri ya kwanza na B kwenye ya pili, pamoja na mwezi na mwaka ulipoanza kuitumia. Usipofanya hivyo utajikuta unaitumia moja tu, nyingine inafia mfukoni.

Hatua ya 2: Chaji ya usiku

Tumia chaja iliyokuja na mashine, au nyingine yenye volti zilezile. Chajia juu ya meza au sakafu ya saruji. Kamwe usichajie juu ya gunia, godoro au karibu na jiko. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzijoto 45 za Selsiasi, na mashine iliyokaa kwenye dashibodi ya gari juani hapa Moshi mjini mwezi Januari inafika huko bila shida. Iache ipoe kwanza.

Umeme ukikatika, pawabenki inatosha kama chaja yako imeandikwa volti 5. Usiunganishe mashine moja kwa moja na paneli ya sola. Paneli inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa volti 18 na zaidi jua likiwa kali. Lazima ipitie kwenye kidhibiti chaji, kisha kwenye tundu la USB. Betri ya pikipiki nayo ni hivyohivyo.

Hatua ya 3: Asubuhi, kabla ya mkulima wa kwanza

Angalia tarehe na saa. Kuna mashine ambazo betri ndogo ya ndani ikifa na ile kubwa ikatolewa, saa hurudi tarehe 1 Januari 1970, kwa sababu kompyuta nyingi huanza kuhesabu muda kutoka siku hiyo. Kwa saa zetu inasoma 03:00, yaani saa tisa usiku. Ukitoa risiti zenye tarehe hiyo, ofisini hawataziona kwenye hesabu za leo na mkulima atasumbuka kwenye malipo. Betri hiyo mara nyingi ni ya duara kama sarafu. Ikiwa imeandikwa CR2032, ni ya volti 3, upana milimita 20, unene milimita 3.2. Namba yake yenyewe ndiyo inayotaja vipimo, hivyo ukienda dukani huwezi kukosea. Mwachie fundi aibadilishe, maana kwenye mashine nyingine imechomelewa.

Halafu angalia rekodi ambazo hazijatumwa. Asubuhi lazima zisome sifuri. Kama za jana bado zipo, zitume kwanza.

Mwisho, karatasi. Ikwaruze kwa ukucha: upande unaoacha mstari mweusi ndio unaotakiwa kuelekea kichwa cha printa. Ukiigeuza, risiti zitatoka nyeupe, nawe utadhani printa imekufa.

Hatua ya 4: Kumpokea mkulima

Mzani usome sifuri. Weka gunia. Ingiza namba ya mkulima, kisha soma jina lililotokea kwenye skrini kwa sauti, naye aitikie. Usiruke hapa hata foleni ikiwa imefika barabarani. Kidole kikiandika 1074 badala ya 1047, mashine haitalalamika, maana zote mbili ni namba za watu. Bidhaa za dukani zina msimbo wa tarakimu 13, na ya mwisho imewekwa kukagua zilizotangulia. Namba zetu za uanachama hazina mlinzi huyo. Mlinzi ni sauti yako.

Ingiza kilo, punguza uzito wa gunia tupu, hifadhi, toa risiti. Andika pia kwenye kauntabuku: namba, kilo, saa. Na umweleze mkulima kwamba risiti hii haina wino, imeandikwa kwa joto. Asiiweke juani wala karibu na mafuta, na asiichomeke kwenye paa la jiko, kwa sababu joto la moto huigeuza nyeusi yote. Afadhali ainakili kwenye daftari lake akifika nyumbani.

Hatua ya 5: Kuifikisha betri jioni

Kinachomaliza betri kwenye vituo vya mlimani ni mtandao hafifu. Mashine ikiwa bondeni, kati ya migomba na miti ya vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, laini inahangaika kutafuta mnara na inatumia nguvu kubwa kuufikia. Kama programu yako inaruhusu kuhifadhi kwanza na kutuma baadaye, zima data, pokea wakulima, kisha kila baada ya saa moja panda sehemu yenye mtandao utume. Usikae zaidi ya muda wa saa mbili bila kutuma. Mwanga wa skrini nao upunguze.

Printa hula umeme kwa mkupuo. Ndiyo maana mashine inayoonyesha 30% inaweza kuzima ghafla inapotoa risiti ndefu: betri iliyochoka haiwezi kubeba mzigo huo wa ghafla. Asubuhi za Julai zenye ukungu na baridi hali huwa mbaya zaidi. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani wa koti, ipate joto la mwili, lakini peke yake. Funguo au sarafu zikigusa vyuma vyake viwili kwa pamoja, itapata moto kweli.

Hatua ya 6: Kubadili betri

Ningependa ukariri mfuatano huu kama unavyokariri namba yako ya simu.

Maliza mapokezi uliyoanza na uyahifadhi. Tuma rekodi zote, na uone kwa macho yako kwamba zilizobaki ni sifuri. Kama mtandao haupo, toa ripoti ya siku kwenye karatasi na uibane kwenye kauntabuku. Sasa zima kwa kutumia menyu, si kwa kuchomoa. Skrini ikifa, hesabu hadi kumi. Mashine nyingine huendelea kuandika kwenye kumbukumbu hata skrini ikiwa nyeusi. Ndipo ufungue mfuniko. Chomoa A, weka B papo hapo, funga, washa. Jambo la kwanza baada ya kuwaka ni kulinganisha idadi ya mapokezi ya leo na mistari ya kauntabuku. Zikilingana, mwite anayefuata.

Sababu ya uangalifu wote huu ni kwamba mashine huwa na kumbukumbu za aina mbili. Moja hubaki hata bila umeme. Nyingine ni ya kufanyia kazi, nayo husahau kila kitu umeme ukikatika. Kwenye mashine yangu ya mwanzo, mapokezi yalikaa kwenye hii ya pili hadi yatumwe. Mashine nyingine zina betri ndogo ya kuishikilia kwa dakika chache unapobadili, lakini na yenyewe huzeeka kimyakimya. Usiitegemee.

Na ikizima yenyewe kabla hujafanya lolote kati ya hayo? Usiifungue hapohapo. Iunganishe kwenye chaja au pawabenki, ngoja dakika kumi, iwashe ikiwa na betri ileile ndani. Laiti ningejua hivyo siku ile, huenda wale kumi na wanne nisingewapoteza.

Hatua ya 7: Usafi

Vumbi la kahawa kavu ni jepesi na linaingia kila mahali. Kila jioni futa mashine kwa kitambaa kikavu. Mara moja kwa wiki, zima, toa betri, na usafishe vyuma vya kugusana kwa kifutio cha penseli, taratibu. Kisha pangusa kwa pamba yenye tone la isopropili, ile alkoholi ya kusafishia wanayotumia mafundi simu. Kwa pamba hiyohiyo safisha kichwa cha printa kikiwa kimepoa, na usiweke roli mpaka kikauke. Petroli na thina hapana, zinayeyusha plastiki. Wala usipulize kwa mdomo, maana unapeleka mate ndani.

Hatua ya 8: Betri iliyovimba

Ilaze betri juu ya meza tambarare na uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, tumbo lake limevimba. Usiichaji tena, usiitoboe wala kuibana ili mfuniko ufunge. Iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje, mbali na maghala, na uirudishe kwa aliyewauzia mashine. Usiitupe motoni wala shimo la taka.

Hatua ya 9: Msimu ukiisha

Tuma kila kitu, toa ripoti ya mwisho, toa roli ya karatasi. Betri zitolewe kwenye mashine zikiwa kati ya 40% na 60%, si zimejaa wala tupu, ziwekwe mahali pakavu na pa baridi ndani ya nyumba. Kila miezi mitatu zitazame, na iliyoshuka iongezee kidogo. Ya kwanza kuitazama huwa inaangukia Machi, masika yakianza, kwa hiyo angalia na unyevu kwenye mashine yenyewe.

Mwezi mmoja kabla ya kituo kufunguliwa, zijaze zote mbili na utoe risiti kumi za majaribio mfululizo kwa kila moja. Mashine ikizima kwenye ya saba, agiza betri mpya wiki hiyohiyo. Ukingoja Julai, utawakuta makarani wa vituo vingine wamepanga foleni kwa fundi mjini, na kahawa imeshaanza kuiva.