Kabla ya kuondoka kwenye nyumba yenye kipigo: mambo ya kuzingatia

Tanzania ina huduma nyingi za kumsaidia anayepigwa au kunyanyaswa nyumbani, ila zimetawanyika, na mara nyingi ofisi moja hudai karatasi inayotoka ofisi nyingine. Ndiyo maana maandalizi hufanywa nyumba ikiwa imetulia. Usiku wa vurugu hakuna anayekumbuka vyeti viko sanduku gani.

Kwanza ulizia kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto kilicho karibu nawe, kwa sababu vituo vidogo vingi havina. Ukifika, huna haja ya kusimulia yote kaunta mbele za watu. Sema unataka kuonana na askari wa Dawati. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na fomu ya PF3. RB ndiyo utakayofuatilia nayo shauri lako. PF3 hujazwa na daktari kueleza majeraha, na haiuzwi. Mwenye hali mbaya akimbizwe hospitali kwanza, fomu itafuata. Kabla ya kuirudisha polisi itolee nakala, maana jalada likipotea nakala hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama Amana jijini Dar es Salaam na Mnazi Mmoja kule Unguja. Humo daktari, polisi, ustawi wa jamii na ushauri nasaha hupatikana mahali pamoja, kwa hiyo kama kipo karibu nawe anzia hapo.

Aliyebakwa, hata kama aliyembaka ni mtu wa nyumbani, ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kila saa inayopita hupunguza nguvu ya dawa hizo. Dawa hizo humezwa siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufaa ndani ya siku 5, mapema zaidi ni bora zaidi. Asioge wala kufua. Nguo zitiwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwa gazeti. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Hapa ndipo kikao cha ukoo kinapoleta hasara kubwa kuliko wengi wanavyodhani: wazee wakikaa siku tatu kusuluhisha, saa 72 zimekwisha na alama za mwilini zimeanza kufifia.

Mfuko wa dharura usijazwe nguo, kwani mfuko mkubwa huonekana. Weka kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki za watoto, kadi ya bima, dawa unazotumia kila siku, ufunguo wa akiba, na nauli taslimu ya kufika unakokwenda pamoja na chakula cha siku mbili. Kama karatasi zenyewe haziwezi kutoka bila kugundulika, toa nakala. Mfuko huo uhifadhiwe kwa mfanyakazi mwenzako au jirani asiye na udugu na mwenza wako. Wifi mwema bado ni wifi.

Simu husaliti watu wengi. Angalia kwenye WhatsApp kama kuna kifaa kingine kilichounganishwa na akaunti yako. Ukipiga namba ya msaada futa namba hiyo tu, maana orodha tupu ya simu huamsha maswali. Picha za majeraha mtumie mtu unayemwamini, kisha zifute kwako. Namba 112 ni ya polisi. 116 ni ya bure, kwa ajili ya watoto, na jirani anayesikia kilio anaweza kuipiga.

Siku ya kuondoka isitangazwe, hata kwa hasira. Mwenye kutesa akihisi anaachwa ndipo huwa hatari zaidi. Watoto wadogo wasiambiwe mapema, wataropoka bila kukusudia. Nyumba salama, yaani makazi ya muda ya waliokimbia kipigo, ni chache, na kwa kawaida mtu huingia kupitia polisi au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Usifunge safari ukitegemea kubisha hodi tu. (Wanaume wanaopigwa nao wana haki ya Dawati lilelile, ingawa wengi huona aibu kulifikia.)

Kwa sheria, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mwenzi kumpa mwenzake adhabu ya viboko, kwa hiyo ukiambiwa ni mambo ya ndani, kitaje. Talaka kwa kawaida hupitia baraza la usuluhishi la ndoa kwanza, lakini kesi ya kipigo haihitaji kusubiri baraza. Wasio na uwezo wa kulipa wakili husaidiwa na wasaidizi wa kisheria walioko wilayani, na mashirika ya msaada wa kisheria kwa wanawake kama TAWLA na WLAC.

Nyumba ya ndoa nayo isisahauliwe. Kifungu cha 59 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinamzuia mwenye hati kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na anayeondoka anaweza kuweka zuio (caveat) kwa msajili wa hati. Liwekwe mapema, kwa sababu kuirudisha nyumba iliyokwisha kuuzwa huchukua miaka mahakamani.