Kabla hujamwaga dawa bwawani, mjue samaki na kimelea chake

Samaki wakianza kujisugua kwenye kingo za bwawa watu mbio kwenye chumvi, sasa unatibu nini hujui. Anza na samaki mwenyewe, maana rekodi nyingi zinaharibikia hapo, kila kitu kinaandikwa "perege" basi. Cheki mkia: sato, yaani Oreochromis niloticus, ana mistari myembamba ya wima mkia mzima, Coptodon zillii hana hiyo mistari na akiwa anazaliana kifua kinakuwa chekundu. Ukikuta mmoja yuko katikati katikati usimlazimishie jina, perege wa jamii ya Oreochromis huwa wanachanganyika wao kwa wao, andika "chotara?", piga picha ya ubavu na kata kipande cha pezi uweke kwenye alkoholi ya asilimia 95 ili maabara wapime DNA. Jina la samaki lina uzito kwa sababu minyoo ya matamvua mara nyingi huchagua mwenyeji wake, yaani samaki anayemkaa, ukikosea samaki na mnyoo utaukosea.

Halafu samaki awe hai jamani! Trichodina na wenzake, vimelea vidogo vya chembe moja, wakiona mwenyeji kafa wanaondoka au wanakufa, kwahiyo samaki wa kwenye barafu atakuonyesha hana kitu. Mbebe kwenye maji ya bwawa lake, paruza ute kidogo nyuma ya pezi la kifuani, kata kipande cha tamvua, weka tone la maji hayohayo, tazama kwenye hadubini. Trichodina ni duara linalozunguka na lina pete ya meno, kimelea cha ugonjwa wa madoa meupe anabiringika polepole na ndani ana kiini chenye umbo la kiatu cha farasi. Kwenye minyoo ya ngozi na matamvua, Gyrodactylus hana madoa ya macho na anazaa watoto hai, ila Dactylogyrus anayo na anataga, na mayai yake ni magumu kwa dawa ndo maana ukitibu mara moja tu wanarudi.

Pasua na tumbo, usiache sehemu ya moyo, minyoo ya Contracaecum hupenda kujificha hapo kwa sato. Ukiona vifuko vya njano chini ya ngozi au karibu na matamvua huyo huenda ni Clinostomum, mnyoo bapa anayetoka kwa konokono na kuishia kwa ndege wanaokula samaki, hapo chumvi utamwaga bure tu, ng'oa majani ya pembeni wanakokaa konokono, kausha bwawa ukishavuna, zuia ndege kwa neti.

Kwenye daftari andika na wale wazima, hapa ndo wengi wanachemka. Umepima 30, wenye vimelea 12, hiyo ni asilimia 40, ukiandika wagonjwa peke yao hakuna hesabu hapo. Na kama unatafuta chanzo cha vifo chukua walio dhaifu, ila kama ni tathmini ya bwawa zima au ziwa vuta nyavu uchukue bila kuchagua, tena kila mmoja na urefu wake, tarehe na kimelea kilikaa wapi.