Kuziba ufa wa kava ya injini ya pikipiki kwa tochi ya gesi

Pikipiki ikianguka upande wa klachi, kava ya alumini hupasuka na oili huanza kuvuja. Ufa wa sentimita 3 hadi 6 hauhitaji mashine ya TIG, ile ya kuchomelea kwa umeme na gesi. Tochi ya gesi na kijiti kimoja au viwili vya lehemu ya zinki na alumini, vya unene wa 2 mm, vinatosha. Lehemu hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 390 hivi za selsiasi, alumini safi kwenye 660, na aloi ya kava chini kidogo ya hapo. Uwazi uliopo kati ya lehemu na kava ndio unaokuwezesha kuziba ufa bila kuyeyusha kava.

Kwanza hakikisha kava si ya magnesiamu, maana hiyo inaweza kushika moto. Paruza sehemu ndogo kwa tupa mpaka ing'ae, kisha dondoshea siki. Ikitoa mapovu mara moja, iache.

Toboa tundu la 3 mm kwenye kila ncha ya ufa, la sivyo utaendelea kukimbia baada ya kuzibwa. Chonga mfereji wa umbo la V kufuata ufa, ushuke theluthi mbili za unene. Tumia tupa, jiwe la grainda huzibwa na alumini na kuisugulia uchafu ndani.

Sasa oili. Alumini ya kumimina ina vinyweleo, na oili ya miaka mingi imejificha humo. Safisha kwa thina, acha ikauke kabisa, peleka thina mbali, kisha weka kava juu ya jiko la mkaa. Itatoa moshi na jasho jeusi kwenye ufa. Futa, pasha tena, futa, mpaka moshi uishe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: lehemu hukaa vizuri mwanzoni, halafu oili inachemka chini yake na kuacha matundu. Usisafishe kwa dawa ya breki yenye klorini, kwani ikikutana na moto hutoa gesi ya sumu kali.

Kava ikiwa bado ya moto, sugua mfereji kwa brashi ya waya ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Iweke juu ya matofali makavu, nje penye hewa, uvae miwani na glavu za ngozi. Meza ya chuma itakunyonyea joto lote.

Zungusha moto kuzunguka ufa, usiusimamishe mahali pamoja. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, jicho halitakuonya. Kila baada ya sekunde chache ondoa moto, gusisha kijiti kwenye mfereji. Kisipoyeyuka, pasha tena. Kiyeyushwe na kava, si na moto wa tochi.

Tone la kwanza litaviringika kama maji juu ya jani la myugwa. Halijashika, kwa sababu juu ya alumini kuna utando wa oksidi ambao huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, na vijiti hivi havina dawa ya kuula. Chukua waya wa stenlesi uliochongwa ncha, upitishe ndani ya lehemu iliyoyeyuka na ukwaruze sakafu ya mfereji. Ghafla tone linalala na kutambaa. Kwaruza hivyo urefu wote wa ufa, ndipo uongeze lehemu ya kujaza. Ukiona moshi mweupe, zinki inaungua: punguza moto na usivute moshi huo.

Acha ipoe yenyewe. Maji yatapasua tena.

Mwenye mashine ya kuchomelea ya DC (umeme wa mkondo mmoja) anaweza kutumia elektrodi za alumini za E4043, elektrodi ikiwa upande wa chanya, ila kwenye kava ya 3 mm ni rahisi kutoboa, na ganda linaloachwa na elektrodi lazima lioshwe kwa maji ya moto kwani hula alumini. Njia ya tochi nayo isitumike kwenye rimu, fremu, wala karibu na ekzosi.

Uso wa kava unaokaliwa na gasketi usugue juu ya msasa namba 240 uliolazwa kwenye kioo. Kisha paka chaki nje ya ufa, mimina mafuta ya taa ndani, subiri nusu saa. Chaki ikilowa na kubadilika rangi, doa hilo ndilo la kukwaruza upya.